Sungura hataki kula, hanyi, anasaga meno. Nimpe dawa gani ya maumivu?

MamaZai_Kimara

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa haraka. Tuna sungura wa kufuga ndani, dume, ni wa binti yangu, anaitwa Tito, kilo 1.8 nimempima leo asubuhi kwenye mzani wa jikoni. Tangu jana jioni hajagusa chakula, hata matembele ambayo huwa anakurukia miguuni ukiyashika leo kayanusa akageuka. Kibanda nilikisafisha jana usiku na asubuhi hii hakuna hata punje moja ya mavi. Kajikunyata kwenye kona, macho kafumba nusu, ukisogea karibu unasikia meno yanasagana krr krr, na kuna saa anajinyoosha anabandika tumbo kwenye sakafu anabana hivi halafu anarudi kujikunyata.

Chakula chake siku zote ni pumba ya mahindi, karoti, mkate kidogo, mchicha au matembele, na majani mengine mtu akituletea. Nimeenda duka la dawa za mifugo hapa jirani, kijana kanipa OTC ya unga (kiuavijasumu cha oksitetrasaiklini) nichanganye kwenye maji, nikamuuliza na maumivu je, akasema sungura hana dawa ya maumivu, huyo ni wa kuvumilia tu. Mi namuona mnyama anaumwa kabisa jamani. Hapa ndani nina Panadol ya maji ya watoto, diklofenaki za mama, Buscopan na Plasil. Kati ya hizi ipi inafaa na kiasi gani? Daktari wa mifugo niliyempata kwa simu yuko Kibaha anasema atafika jioni. Binti kagoma kwenda shule, amekaa naye hapo chini.

Mzee_wa_Supu

Kilo 1.8 hiyo dada, ndimu na pilipili kidogo, maumivu yote yanaisha hapo hapo 😂

Natania, pole sana na msalimie binti. Ila kwa kweli mi nimekulia Njombe nyumba yenye sungura kibao na sijawahi kusikia sungura anapewa dawa ya maumivu. Akishajikunyata hivo mzee alikuwa anachukua kisu kabla hajafa mwenyewe. Ngoja waje wataalamu na mi nijifunze.

Chalii_wa_Kijenge

Huyo tumbo limefunga. Mpe mafuta ya kula vijiko viwili alainike huko ndani, na Buscopan robo kidonge saga weka kwenye maji, Panadol nusu kijiko. Kama kuna bakteria ongezea amoksilini ile ya watoto. Mbwa wangu nilimfanyia hivo akapona vizuri tu.

Dkt_Moro

MamaZai kabla hujagusa chochote soma hapa, na hiyo amoksilini ya Chalii isiingie mdomoni mwa sungura kabisa. Chalii sikugombezi ila sungura sio mbwa. Utumbo mkubwa wa sungura una mfuko mkubwa wa kuchachushia majani, wamejaa bakteria wazuri wanaomfanyia kazi. Amoksilini, ampisilini, Ampiclox, penisilini ya kumeza, linkomisini, klindamisini, hizi zinaua wale wazuri halafu wanabaki wale wa jamii ya klostridia wanaotoa sumu, mnyama anaharisha na kufa wakati mwenye nyumba anaamini anamtibu. OTC sio mbaya kiasi hicho ila haina kazi hapa, haitulizi maumivu na haiamshi utumbo. Iweke pembeni.

Haya tuje kwenye swali lako, na ni swali zuri kuliko watu wanavyodhani. Huyo kijana wa duka kakosea, sungura anayo dawa ya maumivu na kwenye tatizo hili ndiyo inayotangulia. Utumbo wa sungura lazima utembee muda wote, ukisimama gesi inajaa na kile chakula kinakauka tumboni, gesi inavuta ukuta wa tumbo inauma, akiumwa hali wala hanywi, asipokula utumbo unalala zaidi na gesi inaongezeka. Ni mzunguko. Wewe unaweza ukamlisha kwa bomba kutwa nzima lakini kama maumivu yako pale pale, utumbo hauamki, maumivu yenyewe yanauzima. Na huyu ni mnyama wa kuwindwa, kaumbwa afiche maumivu asionekane dhaifu, kwa hiyo akifika mahali pa kusaga meno kwa sauti na kubana tumbo sakafuni ujue imeshakuwa kali. Usichanganye na kale kasauti kadogo ka meno anakofanya ukimpapasa kichwa, kale ni raha.

Ila kuna kitu kimoja lazima ukijue KABLA ya dawa. Mshike taratibu, pitisha vidole tumboni chini ya mbavu upande wa kushoto. Kama ni laini kama unga wa chapati uliokandwa, hilo ni tumbo lililolala, tuna muda. Kama limevimba gumu limekaza kama ngoma, imetokea ghafla ndani ya masaa machache, masikio ya baridi, amelegea, hapo inawezekana kuna kitu kimeziba, mara nyingi fundo la manyoya, na sungura hawezi kutapika hata afanyeje, kwa hiyo gesi na maji havina pa kutokea. Huyo usimlishe, usimpe Plasil, usisubiri jioni, mbebe kwenye boksi umpeleke kwa daktari sasa hivi.

Sasa hizo dawa zako. Diklofenaki hapana, ni kali kwenye figo na ukuta wa tumbo, na kwa mnyama ambaye hajanywa maji tangu jana ndiyo kabisa. Buscopan inalegeza misuli ya utumbo, na wa kwake tayari umelala, tunataka uamke, kuna madaktari wanaitumia kwa msokoto ila hiyo ni mtu aliyeshika mnyama mkononi aamue. Plasil ndiyo metoklopramidi, inasaidia kusukuma tumbo na mimi naitumia, lakini tu ukishajua hakuna kilichoziba, mwachie daktari. Panadol kwa sungura sio sumu kama ilivyo kwa paka (wenye paka nawaomba, hata tone msiwape) ila ni dhaifu kwa maumivu haya na hiyo ya watoto imejaa sukari. Mafuta ya kula hapana, akipaliwa yanaingia kwenye mapafu na hapo utakuwa na magonjwa mawili.

Dawa yenyewe ni meloksikamu. Mpigie daktari wako sasa hivi kabla hajatoka Kibaha umuulize kama anayo, asije akafika na kiuavijasumu tu. Kipimo tunachotumia kwa sungura ni kati ya miligramu 0.5 na 1 kwa kila kilo, na utashangaa ni kikubwa kuliko cha mbwa, sungura anaichoma haraka mwilini. Kuna nyingine ya jamii ya mofini inaitwa buprenofini, nzuri sana kwa maumivu makali na haina shida ya figo, ila ni dawa ya kufungiwa na vituo vingi havina.

Wakati unasubiri: mpe joto, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa pembeni yake, na aweze kuikimbia akisikia joto limezidi. Maji safi kwenye bakuli, sungura wengi wanakunywa zaidi kwenye bakuli kuliko kwenye ile chupa ya kuning'inia. Mwekee majani marefu mabichi karibu na pua. Kama una temomita na unajua kumpima nyuma bila kumuumiza mpime, kawaida ni kama 38.5 mpaka 39.5 hivi, akishuka chini ya 38 sio dalili nzuri. Matone ya gesi ya watoto wachanga yale ya simethikoni unaweza kumpa, hayadhuru, ila usiyategemee. Nijibu tumbo likoje.

MamaZai_Kimara

Dokta asante sana Mungu akubariki. Nimemshika, tumbo limejaa kidogo ila ni laini linabonyea, sio gumu. Masikio yana joto la kawaida naona. Temomita ninayo ya mtoto ila naogopa kumpima. Daktari wa Kibaha nimempigia anasema meloksikamu anayo ya ng'ombe. Ya ng'ombe kwa sungura kweli??

Dkt_Moro

Laini ni nafuu, vizuri. Temomita kama unaogopa acha.

Ya ng'ombe ni dawa ile ile, tofauti ni ukali, na hapo ndipo sungura wengi wanapouliwa. Ile ya sindano ya ng'ombe nyingi zina miligramu 20 kwenye mililita moja. Tito ana kilo 1.8, tukienda na 0.5 kwa kilo anahitaji miligramu 0.9, maana yake mililita 0.045. Hiyo kwenye bomba la kawaida la mililita 5 huioni kwa macho. Inatakiwa bomba la insulini, lile la vipimo 100, na hapo ni kama vipimo vinne na nusu. Daktari anaijua hesabu hiyo, wengine tunaichanganya na maji ya sindano kwanza ili ipimike. Ninachokuomba ni wewe usibakishiwe kachupa hako ukaanza kumchoma mwenyewe kesho. Muulize kama anaweza kupata ile ya kunywa ya mbwa, ina miligramu 1.5 kwa mililita, Tito anachukua mililita 0.6, hiyo unaipima mwenyewe bila wasiwasi.

Na mwambie aanze na maji ya dripu chini ya ngozi kabla au sambamba na meloksikamu. Mnyama aliyekauka ukimpa dawa za jamii hii figo ndizo zinalipa.

MfugajiKiambu

Pole sana MamaZai. Mimi niko Kiambu, nafuga za kuuza na kuna wawili wa watoto wanaishi kwa nyumba. Nakubaliana na daktari kwa yote ila niongeze mambo mawili.

Ya kwanza ni meno. Watu wanaangalia yale ya mbele wanasema yako sawa, kumbe ya nyuma huko ndani yamemea ncha zinakata ulimi ama shavu. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote na kinachoyasaga ni nyasi ndefu ya kutafuna, si bran wala mkate. Kwa hiyo unakuta anaumwa mdomo, anaacha kula, tumbo linalala, nyinyi mnatibu tumbo, anapata nafuu kidogo kisha inarudi mwezi ujao. Na huyu Tito chakula yake ni pumba na mkate, mimi ningeuliza meno kabla ya kitu ingine yoyote.

Ya pili, hiyo shida ya kujua kama kumeziba ama tumbo limelala tu. Tulipeleka mmoja wetu kule Kabete, daktari akatoa tone la damu kwa sikio akapima sukari na kale kamashine kadogo ka watu wa kisukari. Akasema ikipita 20 (mmol/L) hapo anashuku kumeziba, na wetu alikuwa chini sana ya hapo so akatibiwa bila kupasuliwa. Kwa nyumba nyingi kamashine hako kako, hata kwa cucu (bibi) wangu kako. Daktari wa Moro atatuambia kama ni ya kuaminika.

Halafu mzee wa supu, hao wa Njombe ni wa kitoweo na hiyo ni sawa, hata mimi nachinja. Lakini hata wa kuchinja akiumwa anakonda, unapoteza pesa, so dawa ya maumivu si mambo ya watu wa mjini pekee. Ila wa nyama lazima uulize daktari ukae muda gani baada ya dawa ndio uchinje.

Dkt_Moro

MfugajiKiambu umeongea. Meno ya nyuma yanaonekana kwa kile kifaa cha kuangalizia masikio na hata hivyo wengine unawakosa mpaka walazwe usingizi ndio uone vizuri. Sukari nayo ni kweli, zaidi ya 20 inatia shaka kubwa ya kuziba, tumbo lililolala tu huwa chini ya hapo sana, hofu peke yake inaipandisha kiasi lakini si kufika huko. Mashine ya binadamu haiko sahihi sana kwa damu ya sungura ila inatosha kukuonyesha upande upi umeangukia. Nisingemwambia mtu amchome sikio mwenyewe, ila ukiwa nayo mpe daktari akija.

Neema_255

Samahani kuingilia, mi nina meloksikamu vidonge vya 7.5 vya magoti ya baba. Si vinaweza kukatwa? Maana sisi huku Mpanda hiyo ya mbwa hatuioni.

Dkt_Moro

Neema kukata hapana, 0.9 kutoka kwenye 7.5 ni sehemu ya nane ya kidonge, hakuna kisu kinachokata hivo kikatoka sawa. Daktari akikuelekeza unaweza ukakisaga laini kabisa ukachanganya na mililita 7.5 za maji, kwa hiyo kila mililita ina kama miligramu moja, unatikisa SANA kila mara kabla hujavuta maana dawa inazama chini, unatoa kiasi chake, kilichobaki unamwaga, hutunzi mpaka kesho. Sio njia ninayoipenda ila ni nafuu kuliko diklofenaki. Na tramadoli msianze kuniuliza, kwanza kuinunua ovyo ni kesi, pili ya kumeza kwa sungura haitulizi inavyotakiwa.

MamaZai_Kimara

Wakuu narudi na mrejesho. Daktari alifika saa moja usiku. Joto 38.2, kasema tumbo limelala, sauti za utumbo kwa stetoskopu chache sana. Kamwekea maji ya dripu yaliyopashwa chini ya ngozi hapa mabegani, akabaki na kinundu kama ngamia mtoto, binti akacheka kwa mara ya kwanza kutwa nzima. Kamchoma meloksikamu kwa bomba la insulini kama ulivyosema dokta na Plasil kidogo. Alivyoniona namtajia vipimo akaniuliza mama wewe ni nesi? Nikamwambia ni watu wa mtandaoni 😅

Ndani ya lisaa na kitu meno yakaacha kusagana. Usiku tukaanza kumlisha kwa bomba, daktari alitufundisha tusage pelleti za sungura tuloweke maji ya uvuguvugu uji mzito, bomba linaingia pembeni ya mdomo nyuma ya yale meno ya mbele sio moja kwa moja, kidogo kidogo anatafuna mwenyewe ndio unaongeza. Asubuhi hii nimekuta vijimavi vidogo vyeusi vimeunganika na nyuzi za manyoya utafikiri ushanga!! Sijawahi kufurahia mavi hivi. Na kala majani ya matembele mawili mwenyewe.

Meno ya mbele mazuri, ya nyuma kasema hakuona vizuri gizani anataka tumpeleke kituoni kwake. Swali langu, sasa kaanza kula, dawa ya maumivu niache?

Dkt_Moro

Habari njema hiyo, na huo ushanga ni manyoya aliyomeza akijilamba, kawaida yanapita tu, hukwama utumbo ukisimama.

Dawa usiache leo. Watu wengi wanaacha akila jani la kwanza, jioni maumivu yanarudi na mchezo unaanza upya. Endelea kama daktari alivyopanga mpaka mavi yarudi ukubwa wake wa kawaida, ya mviringo, makavu, mengi, na ale mwenyewe bila bomba. Uji wa pelleti mililita 10 mpaka 15 kwa kila kilo kwa mlo, mara nne hivi kwa siku, unapunguza kadiri anavyojilisha. Ukiona asubuhi kuna vile vinyesi laini vinavyong'aa vimeshikana kama zabibu usiogope wala usivitupe, ni chakula chake, anavila vyenyewe vikitoka.

Halafu pumba na mkate vikome. Vina wanga mwingi na nyuzinyuzi kidogo, na hicho ndicho ninachokishuku hapa kwa asilimia kubwa. Chakula cha sungura zaidi ya robo tatu kinatakiwa kiwe nyasi au hei (nyasi zilizokaushwa), majani mabichi konzi kubwa, pelleti kijiko au viwili, karoti kipande kama kidole mara mojamoja. Badilisha polepole, usimbadilishie kila kitu kesho asubuhi.

MamaZai_Kimara

Hei hapa Dar naipata wapi dokta? Ile ya kwenye pakiti niliona bei nikarudisha rafuni.

MfugajiKiambu

Usinunue ya pakiti. Huku tunachukua nyasi kavu ya Boma Rhodes kwa bale moja, inakaa miezi. Uliza watu wanaofuga ng'ombe wa maziwa karibu na wewe, wao lazima wako na bale, watakuuzia hata nusu. Nusa kwanza, ikinuka uvundo ama ikitoa vumbi jeusi wachana nayo.

Chalii_wa_Kijenge

Au mabingobingo machanga, ukate ukaushe kivulini sio juani, yabaki na ukijani. Sisi huku tunafanya hivo kwa ng'ombe. Na hiyo ya amoksilini nimeisikia dokta, asante.

Dkt_Moro

Sahihi wote. Na pasiwe pembeni ya barabara au bustani iliyopigwa dawa.

Mzee_wa_Supu

Mi nimesoma yote mpaka mwisho na supu imeniishia hamu. Swali moja tu dokta, huku kwetu tuna simbilisi wengi chini ya meza jikoni, nao wanajikunyata hivo hivo wanasaga meno. Ni mambo yale yale?

Dkt_Moro

Yale yale karibu yote mzee. Simbilisi naye hatapiki, naye amoksilini na penisilini zinamuua, naye asipokula utumbo unalala, na meloksikamu anapewa, ila kipimo chake mwulize daktari wa huko, usikopi cha Tito. Cha ziada ni kwamba simbilisi, kama sisi binadamu, hatengenezi vitamini C mwilini, kwa hiyo akikaa kwenye pumba tupu viungo vinauma na fizi zinavuja damu, mtu anadhani ni tumbo. Wape majani mabichi kila siku, pilipili hoho wanaipenda. Na moshi wa hapo jikoni wapunguzieni kidogo, wana mapafu mepesi.